Acheni Msiba Uwe Mzito

Kamwokya mtu akifa, spika hufika kabla ya jeneza. Turubai hufungwa kando ya njia, viti vya plastiki hupangwa, jenereta hunguruma, na kijana wa muziki hujaribu mitambo yake kwa nyimbo zilezile alizopiga Jumamosi iliyopita kwenye kwanjula. Kisha husimama mtu mwenye kipaza sauti ambaye kazi yake ni kuhakikisha hapatokei kimya hata cha dakika mbili. Hutania, hutangaza michango, hukaribisha wanasiasa, huamuru makofi. Kiswahili kinamwita mtu huyo mshereheshaji. Nawaomba wanafunzi wenzangu wa mofolojia walichambue neno hilo, kisha waniambie sherehe iliyomo ndani yake inatafuta nini kwenye kilio.

Nimeandika insha hii kupinga jambo hilo, na nimechagua kulipinga kwa kutetea muziki ambao wengi wenu hamjausikia, na wachache waliousikia wameukemea. Ni muziki wa metali, tena tawi lake lililo zito na la polepole kuliko yote, yaani duumu ya mazishi. Nadai kwamba muziki huu wa watu wa mbali unakumbuka jambo ambalo sisi tulilijua zamani na sasa tunalisahau: huzuni ina muda wake na sauti yake, na anayemharakisha mfiwa anamdhulumu.

Kwanza nieleze ninachokitetea, maana hukumu nyingi dhidi ya muziki huu hutolewa na watu waliosikiliza sekunde thelathini. Neno duumu limetokana na Kiingereza na maana yake ni maangamizi yasiyoepukika. Msilichanganye na dumu la maji, ingawa wenzangu bwenini hufanya hivyo kila siku kwa makusudi. Asili yake ni mji wa Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda, ambako bendi ya Black Sabbath ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana wa miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akaendelea kupiga, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Nyuzi zilipolegea, sauti ikashuka na kuwa nzito. Mafundi wa Katwe wanaochomelea vyuma kutwa nzima wangeielewa historia hiyo bila mkalimani.

Miaka ishirini baadaye, vijana wa Finland waliuchukua uzito ule wakaupunguza mwendo hadi ukawa kama msafara wa maziko. Bendi ya Thergothon ilitoa albamu ya Stream from the Heavens mwaka 1994. Wenzao wa Skepticism wakatoa Stormcrowfleet mwaka 1995, ambamo kinanda chenye sauti ya ogani ya kanisani hutanda nyuma ya magitaa kama ukungu. Australia kukawa na Mournful Congregation, Uingereza kukawa na Esoteric. Wimbo mmoja huchukua dakika kumi, kumi na tano, ishirini. Pigo la ngoma likidondoka, unapata muda wa kujiuliza kama la pili litakuja. Mwimbaji haimbi kwa sauti nyororo. Hunguruma kutoka kifuani, maneno hayasikiki vizuri, na hilo ni sahihi kabisa. Nani amewahi kumsikia mama aliyefiwa akilia kwa matamshi sanifu?

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Bell Witch, bendi ya watu wawili tu kutoka Seattle, Marekani, wanaotumia besi na ngoma bila gitaa la kawaida. Mwaka 2016 aliyekuwa mpiga ngoma wao, Adrian Guerra, alifariki. Mwaka uliofuata walitoa Mirror Reaper, albamu yenye wimbo mmoja tu wa dakika zaidi ya 80, na katikati yake wakaiweka sauti ya marehemu iliyokuwa imerekodiwa alipokuwa hai. Hawakumtungia wimbo wa dakika tatu wa kumshukuru Mungu kwa maisha yake na kisha kupokezana kipaza sauti. Walikaa naye.

Mimi niliufahamu muziki huu mwaka 2021. Ule mwezi wa Juni, wimbi la pili la korona lilipotupiga, baba yangu mdogo alifariki, na tukamzika kwa namna watu walivyoiita mazishi ya kisayansi. Wazikaji walivaa nguo za kujikinga mwili mzima, sisi ndugu tukasimama mbali, na jambo lote likaisha kabla maji ya chai hayajachemka. Mamdogo hakuruhusiwa kumgusa mumewe. Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo nilirudi chumbani kwetu Kifumbira, sina darasa, sina rafiki wa kukaa naye, na nyumbani kila mtu alikuwa anaambiana na mwenzake awe na nguvu. Binamu yangu alikuwa na albamu ya Skepticism kwenye simu yake. Niliisikiliza kwa siku nyingi, mara nyingine bila kuinuka kitandani kabla haijaisha. Muziki ule haukunifariji, wala haukujaribu. Uliniachia nafasi ya kulia, na kwa wakati ule hapakuwa na mtu mwingine aliyenipa nafasi hiyo.

Sasa nizijibu hoja za wapinzani wangu, ninaowafahamu kwa sura kwa sababu wengine tunakula nao meza moja.

Hoja ya kwanza, na ndiyo yenye kelele zaidi, inasema kwamba huu ni muziki wa shetani. Ushahidi wao ni nguo nyeusi, nywele ndefu na mingurumo. Hoja hii ina historia, na historia yake haipendezi. Mwaka 1997 polisi wa Misri waliwakamata vijana karibu mia moja kwa tuhuma za kumwabudu shetani, na kosa lao kubwa lilikuwa kusikiliza metali. Mwaka 2003 mahakama ya Moroko iliwahukumu vijana kumi na wanne kwa sababu zinazofanana na hizo. Hapa kwetu, mwaka 2018 waziri wa maadili alijaribu kulipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege, na mwaka 2022 Bunge likajaribu tena. Mara zote mbili tamasha liliendelea. Katika visa vyote hivyo, sauti ngeni ilisikika na mwenye mamlaka akaipa jina la dhambi kabla hajauliza inasema nini.

Sisi tunaosoma Kiswahili Kampala tunapaswa kuwa watu wa mwisho kuikubali mantiki hiyo. Lugha yetu yenyewe imehukumiwa kwa njia hiyohiyo. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, askari wake wakaitumia kwenye vizuizi vya barabarani, na hadi leo ukizungumza Kiswahili ndani ya teksi ya Kamwokya kuna mzee atakayeshika mfuko wake wa shati. Kwake, Kiswahili ni sauti ya bunduki na ya wezi. Tunapomweleza kwamba lugha haina hatia, kwamba kuna Waswahili walioandika tenzi za dini kwa lugha hiyo karne nyingi kabla ya Amin kuzaliwa, tunamwomba atenganishe sauti na hofu yake. Basi nami nawaomba wenzangu mfanye hivyo kwa gitaa.

Na kwa wale wanaokuja na Biblia na Kurani, nawauliza wamevisoma vitabu vyao hadi wapi. Biblia ina kitabu kizima kiitwacho Maombolezo, chenye sura tano. Zaburi ya 88 huanza kwa kilio na kumalizika gizani, bila mstari wa mwisho wa kumfurahisha msomaji, na waliokusanya Zaburi hawakuiondoa. Katika Uislamu, kupiga mayowe na kujirarua kumekatazwa, lakini Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa kuhusu machozi hayo alisema ni rehema. Dini hizi mbili zinajua tofauti kati ya huzuni na kufuru. Wasiojua ni wale wanaotaka kila ibada ya mazishi iwe na nderemo.

Hoja ya pili inasema huu ni muziki wa wazungu, haumhusu Mwafrika. Hoja hii ingekuwa na uzito kama ingetolewa na mtu ambaye kwenye msiba wake hapigiwi nyimbo za injili za Marekani kupitia spika za Kichina. Gitaa tulilipokea zamani tukalifanya letu. Rumba ya Kongo ni shahidi. Na metali pia imeshapokewa. Kampala yetu ina bendi ya duumu iitwayo Vale of Amonition. Nairobi ilitoa Duma, vijana wawili ambao jina la bendi yao kwa Kikikuyu ni giza. Albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes, kampuni ya hapa Kampala. Duma hawapigi duumu, wao wana kasi ya ajabu, lakini wanathibitisha ninachosema: giza hili lina waimbaji wenye majina ya kwetu.

Lakini jibu langu halisi kwa hoja hii liko kwenye maktaba ya idara yetu. Fungueni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi huyo aliishi wakati mji wa Pate ulipokuwa umeporomoka, akauambia moyo wake utazame. Majumba ya matajiri yamekuwa magofu. Popo wananing'inia juu, wadudu wanalia ndani ya nyumba, na vidaka vilivyopambwa kwa sahani za kaure vimekuwa viota vya ndege. Kisha anaupeleka moyo kaburini na baadaye motoni. Hachekeshi, hakimbii, na haombi msamaha kwa kutuhuzunisha. Polepole, ubeti kwa ubeti, anarudia kuonyesha jambo lilelile: yamekwisha. Nikiwasikiliza Skepticism baada ya kusoma utenzi ule, nasikia watu wawili wa dini, lugha na karne tofauti wakitembea kwenye gofu moja. Asemaye kwamba huzuni nzito ni ya kizungu aanze kwa kuifuta Pate kwenye ramani ya fasihi yetu.

Aendelee na Kezilahabi. Katika Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974, Kazimoto anauona ulimwengu kuwa hauna maana na mwishowe anajiua. Tunaisoma darasani mchana, tunaiandikia mitihani, tunapewa alama kwa kueleza vizuri jinsi ilivyo nyeusi. Hakuna mhadhiri aliyeniuliza kama ninahitaji maombi kwa sababu nimesoma Kezilahabi. Lakini nikivaa fulana yenye jina la bendi ya duumu, maswali huanza kwenye ngazi. Naomba nielezwe ni kwa kanuni gani ya uhakiki kukata tamaa kunakuwa sanaa kikiwa kwenye karatasi na ugonjwa kikiwa kwenye spika.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu, kwa sababu inatoka kwa watu wanaotupenda. Wanasema: muziki wa huzuni humzidishia huzuni kijana ambaye tayari ameelemewa. Mwaka 2015 Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha utafiti uliowahusu wasikilizaji 39 wa muziki mkali, wakiwemo wapenzi wa metali. Waliwakasirisha kwanza kwa kuwahoji kuhusu mambo yanayowaudhi, kisha wakawaacha baadhi yao wasikilize muziki wao na wengine wakae kimya. Muziki haukuwazidishia hasira. Uliwatuliza kama kimya kilivyowatuliza wenzao. Utafiti ule ni mdogo, ulihusu hasira na siyo msiba, na waliohusika walikuwa tayari wanaupenda muziki huo. Siudai zaidi ya unavyosema. Lakini unatosha kumnyima mtu ruhusa ya kusema kwa uhakika kwamba sauti nzito hujaza moyo sumu.

Na niseme wazi: mtu ambaye huzuni imemzuia kula na kulala kwa wiki nyingi hahitaji albamu, anahitaji daktari, na anahitaji sisi tuache kumtania kuhusu Butabika. Siutetei muziki huu kama dawa. Nautetea kama mahali ambapo mtu mzima mwenye huzuni ya kawaida anaweza kuwa na huzuni bila kuonekana mgonjwa. Anayemwambia mfiwa ajikaze siku ya tatu ndiye anayemwandaa kuugua mwezi wa tatu.

Hapa narudi kwenye desturi zetu, kwa sababu najua kuna atakayesema kwamba sherehe msibani ndiyo utamaduni. Si kweli, au ni nusu tu ya kweli. Buganda, olumbe lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya uzito: moto unawashwa nje, watu wanakesha, maiti anavishwa gome la mti, na kijijini watu hawaendi kulima mpaka maziko yapite. Sehemu ya pili, kwabya olumbe, huja baadaye, pengine miezi, pengine mwaka. Hapo mrithi huonyeshwa, ngoma hupigwa, watu hula na kunywa, na furaha ni halali kwa sababu imengojewa. Wazee walijua kuhesabu. Waliiweka huzuni mwanzo na furaha mwisho, na katikati wakaweka muda. Tunachofanya sasa mjini ni kuichukua sehemu ya pili na kuisukumia usiku wa kwanza, kabla jeneza halijatoka kwenda kijijini, kwa sababu turubai limekodishwa kwa siku moja na mshereheshaji ana kazi nyingine kesho.

Waswahili wa pwani nao walikuwa na mbolezi, nyimbo mahususi za kilio. Waacholi wana nyimbo zao za matanga. Okot p'Bitek alikusanya nyingi kwenye Horn of My Love, kitabu cha mwaka 1974, na humo kifo hulaumiwa na kutukanwa bila kupambwa. Hawa wote wangeuelewa mngurumo wa duumu haraka zaidi kuliko wangeuelewa ucheshi wa mtu mwenye kipaza sauti.

Tena tuna methali: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Ichambueni vizuri. Inaweka utaratibu wa sauti. Mwenye kufiwa ndiye anayetoa mwendo na kimo cha sauti; sisi wengine tunafuata. Spika imeupindua utaratibu huo. Siku hizi kilio huanza wa mbali, tena wa kulipwa, na mjane anakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya boksi linalotikisa kifua chake, akisubiri zamu yake ya kutoa shukrani kwa waheshimiwa. Akilia kwa nguvu, mtu humkimbilia na chupa ya maji ili anyamaze. Wakati wa kampeni hali huwa mbaya zaidi, maana marehemu anakuwa na wagombea wengi kuliko ndugu.

Mtaniuliza kama nataka magitaa ya Finland yapigwe kwenye vilio vya Kamwokya. Sitaki. Majirani wangenifukuza, na wangekuwa na haki. Ninachotaka kinagharimu kidogo zaidi. Nataka familia ya mfiwa iulizwe kwanza kama inataka muziki, na jibu la hapana liheshimiwe. Nataka usiku wa kwanza uachiwe moto, maombi, na wanaojua kulia. Nataka wanasiasa wangoje kwabya olumbe, ambako hotuba zina mahali pake.

Kwa wahadhiri wetu nina ombi la kitaaluma. Tunafundishwa mbolezi kwa ufafanuzi wa mistari miwili katika orodha ya tanzu, kati ya kimai na wimbo wa kazi, bila kusikia hata moja ikiimbwa. Jumba la Makumbusho la Uganda liko palepale Barabara ya Kira, mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la Kamwokya, na ndani yake kuna ngoma, vinubi na pembe ambazo zamani zilikuwa na kazi katika vifo na maziko. Tupelekeni huko. Tupeni simu za kurekodia na mtutume kwa bibi zetu kabla hawajawa wao wenyewe ndio wanaoombolezwa. Na mwanafunzi akija kwenu na pendekezo la tasnifu linalolinganisha utenzi wa Pate na albamu ya Finland, msicheke kabla hamjasikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho. Zimeni taa, kaeni, na mvumilie dakika zote kumi na tano. Mkiona ni ndefu mno, mkumbuke mjane ambaye mlitaka amalize kulia kabla ya chai ya saa nne.